Ukitoka Kwenye Bendi, Toka Vizuri

Mwimbaji akianza kupima ukubwa wa picha yake kwenye bango la onyesho, moyoni ameshaaga bendi. Kilichobaki ni siku na namna. Siku huja yenyewe. Namna ndiyo huwagharimu watu miaka, na ndiyo ninayotaka kuizungumza na wewe unayeimba na kutunga katika bendi, iwe ya rock katika klabu za Nairobi au ya dansi katika kumbi za Dar es Salaam, na ambaye ukirudi nyumbani alfajiri unajiuliza kama wakati wa kusimama peke yako haujafika. Sikwambii uondoke, wala sikwambii ubaki. Nataka tumtazame mtu mmoja aliyetoka vizuri kuliko wengi, na wengine wawili ambao kutoka kwao kuliishia mahakamani, halafu ujipime.

Aliyetoka vizuri ni Peter Gabriel, Mwingereza aliyezaliwa 1950. Bendi yake, Genesis, ilianza 1967 miongoni mwa wanafunzi wa shule ya Charterhouse, kusini mwa Uingereza, na kufikia 1974 ilikuwa na albamu sita. Walipiga rock ya nyimbo ndefu zenye visa. Wimbo mmoja ungeweza kula karibu upande mzima wa santuri. Mwaka 1972, jijini Dublin, Gabriel alitoka jukwaani wimbo ukiendelea, akarudi amevaa gauni jekundu la mkewe na kichwa cha mbweha. Wenzake hawakuwa wameambiwa neno. Walimwona pale pale pamoja na watazamaji. Picha zikatoka kwenye magazeti ya muziki, na malipo ya bendi yakapanda.

Ufa ulianzia kwenye mafanikio hayo. Watu waliamini kwamba mwenye kichwa cha mbweha ndiye mwenye nyimbo, wakati Genesis walikuwa wakitunga pamoja na kuandika utunzi kwa jina la bendi nzima. Mpiga kinanda Tony Banks, ambaye vidole vyake vimo katika nusu ya uzuri wa muziki ule, alikuwa akisoma magazeti yanayomsifu mtu mwingine. Ukiona hali hiyo inaingia kwenye bendi yako, jambo la kwanza ni kuisema kikaoni kabla hujafikiria kuondoka. Mwimbaji ndiye huonekana; mpiga besi hakuchagua kusimama gizani. Bendi nyingi zingeendelea miaka mitano zaidi kama mwimbaji angepokea simu ya mwandishi na kumwambia amhoji mpiga gitaa.

Lakini kuna manung'uniko ambayo kikao hakiyatibu. Kiangazi cha 1974 Genesis walikaa Headley Grange, nyumba kuukuu huko Hampshire, kutunga albamu ya The Lamb Lies Down on Broadway. Gabriel alisisitiza kwamba kisa chote na maneno yote atayaandika yeye. Wenzake wakawa chumba kimoja wanapiga muziki, yeye chumba kingine anaandika, na maneno yakachelewa. Katikati ya kazi akaitwa na William Friedkin, mwongozaji wa filamu ya The Exorcist, aliyetaka washirikiane. Bendi ikamwambia achague. Akarudi. Mwezi Julai mtoto wake wa kwanza akazaliwa akiwa mahututi, na Gabriel akawa mtu wa barabarani, kati ya hospitali London na kazi ya kurekodi kule Wales. Bendi iliona kazi inachelewa. Yeye aliona mtoto wake huenda akafa.

Hapo hakuna aliyekuwa mwovu. Vijana wa miaka 24 wenye madeni hawajui kushughulika na mwenzao mwenye mtoto kwenye mashine. Ninachotaka ukione ni kwamba sababu za Gabriel zilikuwa mbili na zote nzito: kulikuwa na kazi aliyotaka kuifanya ambayo bendi isingeweza kuibeba, na kulikuwa na maisha ambayo ratiba ya bendi haikuyaachia nafasi. Jiulize zako ni zipi. Kama ni posho, hesabu ya posho huweza kurekebishwa. Kama ni wimbo mmoja uliokataliwa mazoezini, mwaka ujao hutaukumbuka. Kama nyimbo zako tano za mwisho hazina mahali pa kukaa ndani ya bendi hata wenzako wakizipenda, basi hilo ni jambo jingine.

Na hata hapo, si lazima uondoke. Phil Collins, mpiga dramu wa Genesis, alitoa albamu yake mwenyewe, Face Value, mwaka 1981, akaendelea kubaki kwenye bendi kwa miaka mingi. Mike Rutherford, mpiga besi, alianzisha bendi ya pembeni 1985 na bado akawa Genesis. Wakati wa Gabriel jambo hilo halikuwa limezoeleka kwao. Kwako linawezekana kama litaandikwa: siku za bendi ni hizi, siku zangu ni hizi, onyesho la bendi halisogezwi kwa ajili ya langu.

Sasa turudi kwenye namna. Novemba 1974, ziara ya Marekani ikiwa ndiyo inaanza, wakiwa Cleveland, Gabriel aliwaambia wenzake kwamba anaondoka. Kisha akafanya kitu ambacho waimbaji wachache wana ubavu nacho: akamaliza ziara. Kuanzia siku ile hadi Mei 1975 alipanda jukwaani usiku baada ya usiku na watu wanaojua kwamba anawaacha, akavaa mavazi yale yale mazito, akaimba albamu nzima. Onyesho la mwisho lilikuwa Besançon, Ufaransa. Habari zilikaa ndani mpaka magazeti yalipozinusa, na Agosti akaandika barua yake mwenyewe kwa vyombo vya habari akieleza kwa nini ametoka. Ukiisoma huoni jina la mwenzake hata mmoja likipakwa tope.

Miezi ile ilikuwa na sababu ya kifedha pia. Bendi ilikuwa na madeni, na ziara iliyokatwa katikati ingewaangukia waliobaki. Hapa ndipo waimbaji wetu wengi huharibu. Mtu ameshachukua mgao wa kianzio cha harusi ya Desemba, halafu Novemba anatangaza mtandaoni kwamba sasa ni msanii wa kujitegemea. Mwenye harusi hamjui mpiga besi. Alilipia sauti yako. Bendi inarudisha pesa, jina lako linabaki limekaa vibaya kwa watu wa kumbi, na watu wa kumbi wote wanajuana.

Kwa hiyo chukua daftari la maonyesho, ona ni tarehe gani ya mwisho iliyokwisha kulipiwa, na kuondoka kwako kuanze baada ya hapo. Mambo ya vyombo yamalizwe mapema. Katika dansi letu mwenye vyombo mara nyingi ndiye mwenye bendi, hata kama hajui kushika gitaa, na mwanamuziki aliyezoea gitaa la bendi kwa miaka kumi husahau kwamba si lake. Kipaza sauti ulichonunua wewe kwa pesa yako, kiandikwe. Kilichonunuliwa kwa mfuko wa bendi, kiache. Usigombee nyaya.

Jambo la hakimiliki nitalikalia kidogo, maana ndilo linaloumiza kwa muda mrefu kuliko yote. John Fogerty alikuwa mwimbaji, mpiga gitaa na karibu mtunzi pekee wa Creedence Clearwater Revival, bendi ya California iliyotamba sana kati ya 1968 na 1972. Nyimbo zilikuwa zake, lakini mkataba wa Fantasy Records uliipa kampuni haki za nyimbo hizo pamoja na rekodi, na ukamfunga adaiwe albamu nyingi kuliko alivyoweza kutoa. Bendi ilipovunjika 1972, mkataba haukuvunjika. Ili ajinasue, Fogerty aliiachia kampuni mirabaha yake ya enzi za Creedence. Kwa miaka akakataa kuziimba nyimbo hizo jukwaani, kwa kuwa kila zinapoimbwa kuna mtu mwingine anayelipwa. Hebu fikiria: mashabiki wamejaa, wanautaka wimbo ulioutunga wewe, na wewe unafunga mdomo.

Mwaka 1985 akarudi na albamu ya Centerfield. Fantasy wakamshtaki, wakidai wimbo wake mpya The Old Man Down the Road umeiba kutoka Run Through the Jungle, wimbo wa Creedence alioutunga yeye mwenyewe. Yaani mtu alishtakiwa kwa kufanana na nafsi yake. Mwaka 1988, katika mahakama ya San Francisco, Fogerty alipanda kizimbani na gitaa, akalionyesha baraza la wazee wa mahakama jinsi anavyotunga na kwa nini nyimbo mbili za mkono mmoja lazima zinukiane. Akashinda. Hata baada ya kushinda ilibidi apambane kuhusu nani alipe gharama za mawakili, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyotoa uamuzi kwa faida yake 1994. Haki nyingi za utunzi wa nyimbo zile alizipata tena Januari 2023, akiwa na miaka 77.

Somo ni hili: wimbo mmoja una mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti yenyewe, na kuna rekodi iliyofanyika studio siku fulani kwa pesa ya mtu fulani. Unaweza kumiliki moja bila nyingine, au usimiliki chochote. Kabla hujamwambia mtu kwamba unaondoka, jua kwa kila wimbo ni nani aliyesajiliwa kama mtunzi, ni nani aliyelipia studio, na ni nani anayepokea pesa za mitandao ya kusikilizia muziki. Tanzania nenda COSOTA, Kenya nenda Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, uone kilichoandikwa. Usiende na unachokumbuka. Nyimbo mlizotunga mkiwa mmekaa kwenye viti vya plastiki, mmoja akaleta maneno na mwingine akaleta gitaa, andikeni asilimia sasa hivi mkiwa bado mnasalimiana. Asilimia inayobishaniwa kwa dakika 10 leo itabishaniwa kwa wakili baada ya wimbo kuvuma.

Jina la bendi nalo ni mali. Roger Waters alipojitoa Pink Floyd mwishoni mwa 1985 aliamini kwamba bila yeye hakuna Pink Floyd, na 1986 akaenda mahakamani kulizuia jina lisitumike. Mwishoni mwa 1987 wakapatana: waliobaki, David Gilmour na Nick Mason, wakaendelea na jina, Waters akabaki na haki za maonyesho ya The Wall. Waliobaki wakajaza viwanja. Ukiwa mwimbaji utadhani wewe ndiye jina. Mashabiki hawafikiri hivyo. Wao wananunua tiketi kwa neno lililoandikwa kwenye bango. Kwetu Mbaraka Mwinshehe alipotoka Morogoro Jazz mwaka 1973 hakung'ang'ania lile la zamani. Alianzisha Super Volcano, na watu wakamfuata.

Jiandae pia kwa jambo ambalo hakuna anayekuambia: bendi haitakufa. Genesis walifanyia majaribio waimbaji wengi, hawakumpata wa kuwaridhisha, wakamgeukia mpiga dramu wao. Februari 1976 wakatoa A Trick of the Tail, Phil Collins akiimba, na ikauzwa kuliko albamu zao za nyuma. Gabriel wakati huo alikuwa nyumbani karibu na Bath, analima mboga na kujifunza piano, hana albamu. Mtu mwenye kijicho angeugua. Miaka 10 baadaye, Julai 1986, wimbo wake Sledgehammer uliingia namba moja Marekani kwa kuuondoa juu wimbo wa Invisible Touch, wa Genesis. Kila upande ulikuwa umepata chake, na kama angeutumia muongo mzima kushindana nao kwenye magazeti, sidhani kama angepata muda wa kuutunga huo wimbo.

Kuhusu kulima mboga, usiige kila kitu. Mapumziko yalimfaa, yakamsafisha masikio, na wimbo wake wa kwanza wa kujitegemea, Solsbury Hill, ambao unaongea juu ya kuiacha Genesis na umepewa jina la kilima kilicho jirani na nyumbani kwake, usingetungwa kwenye basi la ziara. Ila msanii wa kwetu anayekaa kimya miaka miwili bila kipato kingine hurudi na madeni, akasaini mkataba wowote anaowekewa mezani. Pumzika miezi michache. Fundisha gitaa, imba kwenye kwaya ya watu wengine, tengeneza matangazo ya redio. Kodi ilipwe na kitu kingine ili nyimbo ziive kwa wakati wake.

Na hesabu zinabadilika. Kwenye bendi, onyesho likikosa watu, mnagawana njaa. Ukiwa peke yako, mpiga besi uliyemwita anataka chake hata kama ukumbini walikuja watu 12 na wanne kati yao ni shemeji zako. Wewe si ndugu tena, ni mwajiri. Wengi hawaujui ugumu wa sentensi hiyo mpaka usiku wa kwanza wa malipo. Mlipe mpiga dramu kabla hujajilipa, na umwambie kiasi kabla hajabeba vijiti vyake. Tony Levin, mpiga besi Mmarekani, alipiga kwenye albamu ya kwanza ya Gabriel mwaka 1977, na kwenye albamu ya i/o, iliyotoka Desemba 2023, bado yumo. Mwanamuziki wa kiwango chake ana simu nyingi za kupokea. Mtu hatendewi vibaya akarudi kwa miaka 46.

Albamu ile ya kwanza ilirekodiwa Toronto chini ya Bob Ezrin, prodyuza mwenye mkono mzito. Wimbo wa Here Comes the Flood ulijazwa sauti hadi ukalemewa, na Gabriel mwenyewe hakuridhika. Akaurekodi upya kwa utulivu na Robert Fripp, ukatoka kwenye albamu ya Fripp ya 1979, piano na sauti vikiwa mbele, na tangu hapo amezoea kuuimba karibu hivyo hivyo. Nakushauri ufanye kinyumenyume: anza na toleo la piano. Kaa na gitaa moja mbele ya watu watano wasiokudai na usiowadai, imba wimbo mpya bila maelezo. Usiposimama hapo, matarumbeta hayatausimamisha. Woga wa mwimbaji aliyetoka kwenye bendi humfanya atafute kelele ya kuziba nafasi za watu aliowaacha, na prodyuza kwa kawaida atampa kelele hiyo kwa furaha, maana analipwa kwa saa.

Sauti yako mwenyewe hupatikana mara nyingi kwa kupunguza. Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha albamu yake ya tatu, iliyotoka 1980, sehemu yake ikiwa imerekodiwa studio ya Townhouse, London. Gabriel aliamuru kwamba kwenye dramu hakutakuwa na matoazi. Hakuna hata moja. Mpiga dramu anayeshika ala hiyo tangu utotoni, mkono wake wa kulia unajua njia ya kwenda kwenye toazi kama ng'ombe anavyojua njia ya mtoni. Ukimnyang'anya, analazimika kufikiri upya kila pigo. Aliyekaa kwenye kiti kile katika wimbo wa Intruder alikuwa nani? Phil Collins, mtu wa bendi aliyoiacha, aliyerithi nafasi yake ya kuimba.

Kwenye chumba cha wapigaji kulikuwa na maikrofoni ndogo ya juu, si ya kurekodia, iliyowekwa ili wanamuziki waweze kuongea na fundi mitambo aliye upande wa pili wa kioo. Ilikuwa na kifaa kikali cha kubana sauti ili mnong'ono na ukelele visikike sawa. Fundi Hugh Padgham aliifungua Collins akiwa anapiga, na dramu zikaingia kwenye spika zikiwa kubwa kama radi. Wakaongeza kifaa kinachoikata sauti ghafla baada ya kila pigo, kwa hiyo mlio unavimba kisha unazimwa kabla haujafifia. Kwa kuwa hapakuwa na toazi linaloendelea kulia, pale katikati palibaki patupu. Gabriel akasikia, akataka wimbo ujengwe juu ya pigo lile lile. Mwaka uliofuata Collins na Padgham wakautumia mlio huo katika In the Air Tonight, na dramu za muongo mzima wa themanini zikaiga.

Angalia mambo mawili hapo. Gabriel alikuwa na sheria iliyomzuia kupiga kama Genesis, na alikuwa na uhusiano uliomruhusu kumwita mtu wa Genesis. Kwako sheria inaweza kuwa hakuna gitaa la solo kwenye albamu nzima, au hakuna kiitikio cha watu watatu kama mlivyozoea kule. Chagua kitu kimoja ambacho bendi yako ilikuwa inajulikana nacho, kiondoe, uone mikono itafanya nini. Utakasirika wiki ya kwanza.

Albamu hiyo hiyo kampuni ya Atlantic ilikataa kuitoa Marekani. Ikatolewa na Mercury. Ndani yake kuna Games Without Frontiers, uliofika namba nne Uingereza, na Biko, wimbo wa kumlilia Steve Biko, aliyefia mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini Septemba 1977. Kampuni kukukataa hakuthibitishi kwamba wewe ni mahiri, wasanii wengi hupenda kujifariji hivyo, lakini hakuthibitishi pia kwamba wimbo ni mbovu. Kinachotakiwa ni mkataba unaosema kwamba wakikataa, kazi inarudi kwako na unaruhusiwa kuipeleka kwingine. Uliza kipengele hicho kabla ya kuuliza malipo ya awali.

Halafu kuna ushauri wake mmoja wa vitendo ambao ningekuomba usiufuate. Albamu zake nne za kwanza zote aliziita Peter Gabriel. Alitaka zionekane kama matoleo ya jarida. Mashabiki wakalazimika kuzitambua kwa picha za jalada: ya gari, ya mikwaruzo, ya uso unaoyeyuka. Ya nne, ya 1982, kampuni ya Geffen iliibandika jina la Security kwa soko la Marekani. Zama hizi ambapo msikilizaji anaandika neno kwenye simu ili akupate, kila kazi iwe na jina lake, na lisiwe jina ambalo wasanii wengine kumi wanalo.

Faida ya kutoka vizuri ilimfikia 1982. Julai mwaka huo, pamoja na wenzake, aliandaa tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, Somerset, la muziki kutoka pembe zote za dunia. Watu hawakutosha, hasara ikawa kubwa, na wadai wakaanza kumtafuta yeye kwa kuwa jina lake ndilo lililojulikana. Aliowaacha wakasikia. Tarehe 2 Oktoba 1982, uwanja wa Milton Keynes, mvua ikinyesha, Genesis walipanda jukwaani na mwimbaji wao wa zamani kwa usiku mmoja, na mapato yakaenda kulipa deni. Miaka saba ilikuwa imepita. Jiulize kama bendi unayotaka kuiacha ingekufanyia hivyo, na kama jibu ni hapana, bado una miezi ya kulibadilisha kabla hujatoka.

WOMAD ikapona, na sisi tumefaidika. Gabriel alijenga studio kijijini Box, Wiltshire, na 1989 kukaanzishwa lebo ya Real World. Miongoni mwa albamu zake za mwaka wa kwanza ni Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, iliyorekodiwa huko huko Box. Remmy, mzaliwa wa Kindu, Kongo, alikuja Dar es Salaam 1978 kupigia Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, kisha akahamia Matimila, ambayo haikuwa na jina kubwa, na nyimbo zake ndizo zilizoipa jina. Geoffrey Oryema wa Uganda alifuata kwenye lebo hiyo 1990 kwa albamu ya Exile. Sijui kama kuna mwimbaji mwingine wa rock ambaye kutoka kwake kwenye bendi kumewafungulia njia watu wa upande wetu namna hii.

Albamu yake ya i/o ilimchukua miaka 21 tangu ile ya kabla yake yenye nyimbo mpya, na ilipotoka iliingia namba moja Uingereza, mwenyewe akiwa na miaka 73. Hiyo ndiyo faida ya kutodaiwa na mtu.

Kama umeshaamua, anza na wenzako. Waite wote siku moja, uso kwa uso, bila meneja wa upande wowote, na bila rafiki aliyekuja kurekodi kwa simu. Waambie tarehe ya onyesho lako la mwisho, waonyeshe orodha ya nyimbo na asilimia, waulize wana deni gani kwako na wewe una lipi kwao, muandike, mtie sahihi. Tangazo la mtandaoni liandikwe baada ya hapo, lisomwe nao kabla halijatoka, na lisizidi aya mbili. Na leo usiku, kabla hujalala, tafuta ule mkataba uliousaini ukiwa na miaka 19 bila kuusoma, uusome.